Mbatata za Moshi Zikikukatalia: Dalili, Sababu na Dawa Yake

Mtu wa Unguja au Pemba hafundishwi kuchoma mishkaki. Mkono unajua wenyewe: makaa yawe mekundu, kipepeo kisilale, mafuta yakidondoka na moto ukaruka, kijiti kinasogezwa. Ujuzi huo huo ndio unaoziharibu mbatata za moshi. Pishi hili limetoka Marekani, kwenye desturi ya kupika nyama kwa saa nyingi ndani ya jiko lililofunikwa, nyama ikikaa mbali na moto. Mbatata hutiwa humo humo, pembeni, zipate moshi na ziliwe pamoja na nyama. Sisi tumezoea makaa ya wazi, ya kupepea, ya kumaliza kazi upesi.

Karibu kila lalamiko ninaloletewa juu ya mbatata hizi, nikilifuatilia, linaishia mahali pamoja: mpishi amechanganya kazi mbili. Kuiva ni kazi ya joto. Harufu ni kazi ya moshi. Moshi hauivishi, na joto peke yake halitii harufu. Katika kila dalili hapa chini naanza na sababu inayotokea mara nyingi zaidi, na ukaguzi wa kwanza ni ule usiogharimu kitu.

## Zikiwa sawa zinakuwaje

Jiko ni pipa lililokatwa kwa urefu na kutiwa kifuniko chenye bawaba, au jiko lolote la nyama choma linalofunikika. Makaa yanakaa upande mmoja, mbatata upande wa pili, na chini ya mbatata hakuna moto. Joto usawa wa wavu ni nyuzi 135 hadi 150 za Selsiasi. Mbatata za gramu 120 hadi 150 zinapasuliwa kati, zinapakwa chumvi na samli au mafuta ya nazi, na upande uliokatwa unatazama juu. Moshi ni wa dakika 30 hadi 40 za mwanzo. Baada ya hapo ni joto tu, mpaka muda wote tangu ziingie ufike saa 1 na robo au saa 1 na nusu. Iliyoiva inapenywa na kisu bila kusukumwa, na ukichomeka kipimajoto katikati yake kinasoma 96 hadi 98.

Asiye na jiko la kifuniko atumie seredani na sufuria kuukuu la chuma. Vipande vichache vya mti vikavu chini, kiwavu juu yake, mbatata zilizokwisha kuchemshwa juu ya kiwavu, kifuniko kibane. Dakika 15 zinatosha. Sufuria jembamba la alumini usilitumie kwa kazi hii, kwa sababu likikaa kavu juu ya makaa makali linaweza kutoboka.

## "Nje zimepata rangi, ndani bado ngumu"

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, na sababu yake ya kwanza ni joto dogo. Mapishi mengi ya mtandaoni yanataja 225. Hizo ni nyuzi za Farenhaiti, sawa na 107 za Selsiasi, na ni kipimo cha kidari cha ng'ombe kinachokaa jikoni saa 10 au zaidi mpaka mishipa yake ilainike. Mbatata haina mishipa ya kulainishwa taratibu. Ina wanga, na ina pektini, gundi ya mimea inayozishikanisha chembe zake. Gundi hiyo haiachii vizuri mpaka katikati ya mbatata pakaribie joto la maji yanayochemka. Kwa nyuzi 107 mbatata nzima inaweza kukuweka saa 3 na bado ikakusumbua kwenye meno.

Kagua hivi: weka kipimajoto cha oveni juu ya wavu, pale pale penye mbatata. Usiamini saa ya joto iliyopachikwa kwenye kifuniko. Ile inasoma hewa ya juu, na hewa ya moto hupanda, kwa hiyo inaweza kukwambia 150 wakati mbatata zako ziko kwenye 120. Ikiwa joto limepungua, ongeza makaa yaliyokwisha kushika. Usimwage mkaa mbichi juu ya moto ukafunika.

Sababu ya pili ni kufungua kila mara. Mkono wa mishkaki hautulii, unataka kugeuza. Kila unapoinua kifuniko joto lote linatoka, na pipa linachukua dakika kadhaa kulirudisha. Mbatata zilizopasuliwa hazihitaji kugeuzwa hata mara moja. Funika, angalia saa, usifungue kabla ya dakika 40, ila kwa kuongeza mti wa moshi, nako upesi.

Ya tatu ni kuchanganya ukubwa. Unaponunua Darajani au Mwanakwerekwe kwa fungu, fungu lina kubwa na ndogo, na muuzaji ana haki yake ya kupanga hivyo. Wewe ukifika nyumbani panga upya: kubwa zikatwe robo, za kati nusu, ndogo zibaki nzima lakini zitobolewe kwa uma.

Kuna sababu ya nne ambayo wengi hawaijui, na ndiyo inayowachanganya wapishi wazuri. Mbatata ikikaa muda mrefu kwenye joto la nyuzi 55 hadi 65 hivi, kimeng'enya kilichomo ndani yake kinaifanya pektini ishike zaidi. Ikishashika namna hiyo, hata ukipandisha joto baadaye mbatata inabaki na ugumu wake. Utaijua kwa dalili moja: kipimajoto kinasoma 97, saa 2 zimepita, na bado ukitafuna inalia. Hii inampata aliyeziweka mbatata jikoni huku moto ukiwa bado unatafuta kushika, au aliyeziroweka kwenye maji ya uvuguvugu akidhani anazitangulizia kazi. Jiko lifike joto lake kwanza, ndipo mbatata ziingie. Zilizokwisha kushika hivyo hazirudi. Zikate vipande vyembamba uzikaange, zitaliwa.

Ya tano ni uchachu. Ukwaju, ndimu, embe mbichi, tungule, vyote vinaichelewesha pektini kuachia. Mtu anaziloweka mbatata kwenye ukwaju na pilipili usiku kucha kama anavyofanya nyama, kisha anashangaa. Nyama na mbatata hazifuati kanuni moja. Ukwaju mwagia juu zikishaiva, zikiwa bado za moto, utaingia vizuri tu.

Ukitaka kuondoa tatizo hili lote kwa mara moja, chemsha kwanza. Tunachemsha mbatata za urojo na za kachori kila siku, kwa hiyo hakuna ugeni. Maji yenye chumvi, mbatata zikatwe, zichemke dakika 8 hadi 10 mpaka kisu kiingie nusu, umwage maji, uziache ndani ya sufuria wazi dakika 5 mvuke utoke. Kisha peleka kwenye moshi. Nikiwa na wageni wengi mimi sipiki kwa njia nyengine. Kiasi kidogo cha ladha ya moshi kinapotea, lakini hakuna mgeni anayengojea.

Na kama nyama imeshapakuliwa, watu wamekaa, na mbatata bado? Zitie kwenye sufuria yenye maji ya kikombe nusu, funika kabisa, moto mkali, dakika 12 hadi 15. Moshi ulioingia hautoki wote.

## "Chungu, na inakaba koo"

Hapa simama kidogo kabla ya kurekebisha chochote, kwa sababu uchungu ni wa aina mbili na mmoja wao una hatari. Menya ganda la mbatata moja iliyoiva, kata kipande cha ndani kabisa, kitazame kwenye mwanga. Kikiwa na rangi yake ya kawaida, onja kidogo. Ndani kukiwa kutamu na uchungu uko nje tu, kosa ni la moshi. Ndani kukiwa na kijani, au uchungu uko ndani na unawasha ulimi, usiendelee. Tema, tupa zote.

Mbatata iliyokaa juani au kwenye mwanga kwa siku nyingi hugeuka kijani na kujaza solanini, sumu ambayo kuchemsha, kuchoma wala kukaanga hakuiondoi. Zinazotoka bara, Mbeya, Njombe au Lushoto, zinafika kwetu ndani ya polo, kisha zinawekwa mezani nje, na huko ndiko zinakopigwa na mwanga. Doa dogo la kijani na machipukizi machache unaweza kuyakata kwa kina, ukamenya na ganda lote. Zilizogeuka sehemu kubwa hazina dawa. Aliyekula akapatwa na kutapika, kuharisha, maumivu ya tumbo na kichwa kuuma apelekwe hospitali, na umwambie daktari alikula nini.

Sasa uchungu wa moshi. Mara nyingi sana unatoka kwenye moshi mweupe mzito. Moshi mzuri ni mwembamba, wa kibuluu, na mara nyengine huuoni kabisa ila unausikia puani. Ule mweupe unaofuka kwa mikupuo umebeba lami na masizi, na vinaganda juu ya mbatata. Tazama mambo matatu kwa utaratibu huu: matundu ya hewa ya jiko yako wazi? Mti ni mkavu? Umeweka mwingi mno? Vipande viwili vya ukubwa wa kidole gumba vinatosha kuanzia, unaongeza kimoja baada ya robo saa. Watu wanaroweka vipande vya mti kwenye maji ili vidumu, na sioni faida yake. Vinafuka mvuke mpaka vikauke, na joto la jiko linashuka wakati wote huo.

Inayofuata ni makumbi ya nazi. Najua yako kila nyumba na ni ya bure. Ni mazuri ya kuwashia moto, lakini kwa kufukizia mbatata yanatoa moshi mzito kuliko kitu chengine chochote kilichopo uani, na yakiwa na unyevu ni balaa. Kifuu kikavu ni bora mara nyingi zaidi: kinashika, kinatoa joto kali na moshi kidogo wenye harufu nzuri. Mti wa kufukizia ninaoupenda ni mwembe uliokauka vizuri, kisha mpera. Mvinje nao unafaa, ila unawaka kwa nguvu, kwa hiyo utumie kidogo.

Pemba wanapenda kutia makonyo ya karafuu, yaani vijiti vinavyoshika karafuu, na harufu yake ni ya peke yake kweli. Lakini konyo lina mafuta mengi ya karafuu, ndiyo maana yanakamuliwa kiwandani Wawi. Chukua kwa ncha za vidole tu, juu ya makaa, dakika 10 za mwisho za moshi. Ukitia konzi, mbatata zitatia ganzi ulimi na hakuna atakayemaliza sahani.

Miti na takataka za kuepuka kabisa: mwarobaini, kwa sababu moshi wake ni mchungu, uachie kazi ya kufukuza mbu. Maganda ya korosho, maana mafuta yake yanaunguza ngozi na moshi wake unakera macho na koo. Mbao zilizopakwa rangi, plaiwudi, na mbao au nguzo zilizotiwa dawa ya mchwa. Baadhi ya dawa hizo zina aseniki, na kuzichoma chini ya chakula ni kujilisha sumu. Chakula kilichopikwa juu ya mbao hizo hakirekebishwi, kinatupwa. Mikoko isikatwe kwa kazi hii, imehifadhiwa na pwani zetu zinaihitaji.

Sababu adimu zaidi ni kifuniko chenye masizi ya zamani. Mvuke wa mbatata unapanda, unayalainisha, unadondoka nayo. Kikwangue kikiwa baridi. Utaona vidoa vyeusi juu ya mbatata, hivyo ndivyo ushahidi.

Zilizopata uchungu wa moshi ukiwa si mkali sana, zimenye, ziponde na tui zito la nazi, chumvi na thomu iliyochomwa. Ladha kali nyingi imekaa kwenye ganda, na mafuta ya tui yanaipoza iliyobaki.

## "Zimeiva vizuri lakini hazina moshi hata kidogo"

Ganda. Tisa katika kumi ni ganda. Ganda la mbatata lipo ili kuzuia vitu kuingia, na linafanya kazi hiyo kwa uaminifu hata mbele ya moshi. Mbatata nzima iliyofukizwa saa 2 inanukia mkononi, ukiipasua ndani ni mbatata ya kuchemsha. Ipasue kabla, chora mistari ya kina upande uliokatwa, upake samli. Harufu za moshi zinashika vizuri kwenye unyevu na mafuta, na zinashika zaidi kitu kikiwa bado baridi. Ndiyo sababu moshi wote ninautaka mwanzoni.

Pili, mti umewaka badala ya kufuka. Kila mwenye chetezo nyumbani analijua hili: udi ukitiwa kwenye makaa yenye ndimi za moto unaungua na kwisha, ukitiwa kwenye makaa yaliyotulia yenye jivu jepesi unajaza nyumba. Mti wako nao usubiri makaa yatulie, na ukishautia, funika. Kipepeo kiweke mbali.

Tatu, foili tangu mwanzo. Mbatata iliyofungwa haipati kitu. Kama unapenda foili kwa ajili ya ulaini, funga baada ya moshi kumaliza kazi yake.

Ikiwa zimeshaiva na hazina harufu, zipasue, zipake samli, zirudishe kwenye moshi mwembamba dakika 15. Samli yenyewe unaweza kuifukiza kwenye kibakuli cha chuma pembeni ya mbatata, dakika 20, ukaimwagia mwishoni. Hii ni njia rahisi na ladha yake ni nzuri kuliko ya mbatata zenyewe.

## "Chini ni nyeusi, zimeungua"

Uliza kwanza kipimo gani kimetumika. Yule yule aliyesoma 225 akadhani ni Selsiasi ameziweka mbatata kwenye joto la kuokea mkate, tena penye moto wa mkaa usiolingana. Vipimo vya kukumbuka: 250 za Farenhaiti ni 121, 275 ni 135, 300 ni 149.

Kama kipimo kilikuwa sahihi, angalia makaa yamekaa wapi. Yanapokatika hutiririka mpaka chini ya mbatata. Weka tofali mbili katikati ya pipa kama ukuta. Mafuta nayo yasizidi, maana yakidondoka yanawasha moto chini. Moto ukiruka, funika na uzibe hewa. Usimwage maji juu ya makaa ya moto yenye mafuta, mvuke na jivu vitakurukia usoni. Aliyeungua amwagiwe maji safi yanayotiririka, ya baridi ya kawaida, dakika 20. Usimpake dawa ya meno, samli wala asali. Kikiwa kidonda kikubwa kuliko kiganja chake, au kiko usoni, mikononi au penye viungo, aende hospitali.

Sababu ya ndani zaidi ni friji. Mbatata mbichi ikikaa kwenye baridi, wanga wake unageuka sukari, na sukari inaungua upesi. Mbatata zisiwekwe friji. Zinataka kiza, hewa, kikapu, na zisikae karibu na vitunguu.

## "Moto hautulii, joto linapanda na kushuka"

Wakati wa masika, na vuli pia, mkaa unanyonya unyevu wa hewa hata ukiwa ndani ya polo. Unapasuka, unarusha cheche, unachelewa kushika. Uanike juani siku unayotaka kuutumia, au uutandaze karibu na moto unaowaka. Kusi likivuma, geuza jiko: tundu la hewa lisielekee upepo. Jivu likijaa chini linaziba hewa, litoe kabla ya kuanza. Ongeza makaa machache kila baada ya dakika 40 hivi, yakiwa yameshika tayari kwenye seredani pembeni. Hakuna zaidi ya hapo.

Ila mvua inaleta jambo jengine ambalo naliogopa kuliko kasoro zote za upishi. Ikinyesha, watu wanaliingiza jiko ndani: ukumbini, stoo, hata chumbani. Mkaa unaowaka, hasa ule uliotulia usio na moshi wa kuonekana, unatoa gesi ya kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, na inaua. Mwanzo wake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi usio wa kawaida, na ikiwapata watu wawili watatu pamoja usifikirie uchovu. Watoe wote nje kwenye hewa, acha mlango wazi, usirudi ndani kulichukua jiko kabla hewa haijapita. Aliyezimia au aliyechanganyikiwa apelekwe hospitali mara moja, na mliobaki na maumivu ya kichwa nendeni pia. Mvua ikinyesha pika kwenye jiko la gesi au ahirisha. Baraza lililo wazi pande mbili linaweza kufaa. Chumba hakifai hata dirisha likiwa wazi.

## Kasoro ndogo ndogo

Ganda limekuwa gumu kutafuna: joto lilikuwa dogo na halikupakwa mafuta. Dakika 10 za mwisho zisogeze karibu na makaa, upande wa ganda chini.

Zinavunjika vunjika: mbatata yenye wanga mwingi, au umechemsha kupita kiasi. Unaweza kuzipima kabla: kikombe 1 cha chumvi kwenye vikombe 11 vya maji. Zinazozama zina wanga mwingi, ni nzuri za kuponda. Zinazoelea ni za kubaki vipande.

Ndani ya mbatata pamegeuka kijivu baada ya kupoa: madini ya chuma yaliyomo yamekutana na hewa. Haina madhara. Lakini ukikuta katikati pana weusi wa kuanzia ndani kwenda nje, mbatata hiyo ilikosa hewa kwenye joto, mara nyingi ndani ya polo lililobanwa safarini. Kata sehemu hiyo, na ikiwa inanuka au ina majimaji, itupe.

## Zilizobaki

Mbatata iliyoiva ikiwa imefungwa kwenye foili na kuachwa mezani si chakula cha kesho. Viini vya bakteria wanaotoa sumu ya botulizimu, wanaoishi kwenye udongo, vinastahimili joto la kupikia, na ndani ya foili hakuna hewa, kuna unyevu, na kuna uvuguvugu, yaani kila wanachokitaka. Mwaka 1994 mjini El Paso, Texas, watu 30 waliugua kwa mbatata zilizookwa ndani ya foili, zikaachwa bila baridi, kisha zikatumiwa kutengenezea kitoweo cha kuchovya.

Kwa hiyo: fungua foili mara zikiiva. Za kuliwa baadaye zikae juu ya nyuzi 60, au zitandazwe zipoe na ziingie friji ndani ya saa 2, na kwa joto letu la kaskazi nafanya saa 1. Ziliwe ndani ya siku 3. Umeme ukikatika usiku kucha na friji likawa vuguvugu, zitupe bila kuonja, kwa sababu sumu hii haina ladha wala harufu ya kukutahadharisha.

Dalili zake huanza mara nyingi baada ya saa 12 hadi 36, na zinaweza kuchelewa siku kadhaa: kuona vitu viwili viwili, kope kulegea, ulimi kuwa mzito, kushindwa kumeza, kisha mikono kulegea. Hapo hakuna dawa ya nyumbani. Mjini Unguja ni hospitali ya Mnazi Mmoja, Pemba ni hospitali ya karibu, Chake Chake au Mkoani, na usingoje asubuhi, kwani inaweza kuzuia mgonjwa kupumua.

## Kabla ya kulaumu mbatata, litazame pipa

Kuna walioniambia mbatata zao zina harufu ya mafuta ya gari, na kila dawa wameijaribu. Tatizo ni pipa. Pipa lililokuwa na mafuta ya kula au maji ya matunda linasafishika: lichomwe kwa moto mkubwa likiwa tupu mpaka rangi yote iondoke, lisuguliwe kwa brashi ya waya, lioshwe, lichomwe tena. Lililobeba dawa za kilimo, kemikali au rangi halisafishiki, na bei rahisi isikushawishi.

Na pipa lililokuwa na petroli, dizeli au spiriti usilikate mwenyewe kwa msumeno wa umeme wala usimpe kijana akalikate kwa moto mtaani. Mvuke unaobaki ndani unalipuka hata kama pipa linaonekana kavu na lilimwagwa zamani. Nunua kwa fundi wa kuchomelea anayetengeneza majiko, na muulize lilikuwa na nini kabla hajalikata. Asipojua, nenda kwa mwengine.